Dashibodi kijani tupu, kazi za watumiaji zinakufa: gridi inafuatiliwaje?

#1 Kipimajoto
Wakuu, salaam.

Nasimamia gridi ndogo ya kompyuta inayounganisha klasta (makundi ya mashine) za kampasi tatu, nodi, yaani mashine, kama sitini hivi, zote zinapokea kazi kupitia HTCondor, programu ya kupanga foleni na kugawa kazi. Watumiaji wengi ni watu wa hali ya hewa wanaoendesha modeli za mvua, na kuna kundi la jenetiki ya mihogo. Ufuatiliaji niliourithi ni Ganglia kwa grafu na Nagios kwa tahadhari.

Tatizo: karibu kila wiki, hasa jioni kuelekea usiku, kazi zinafeli kwa mafungu. Mtu anatupa kazi mia tano, akiamka asubuhi anakuta mia tatu zimekufa. Usiku huohuo mimi nikifungua dashibodi naona kijani mwanzo mwisho. Ping OK, ssh (kuingia kwa mbali) OK, diski OK, mzigo wa prosesa uko chini. Kampasi inayolalamikiwa zaidi ni ya pili, na ndiyo hiyo dashibodi inaionyesha imetulia kuliko zote.

Bosi anataka tubuni mfumo mpya kutoka sifuri. Mnapima nini hasa? Na nani amfuate mwenzake: kituo kikuu kivute taarifa kwenye nodi, au nodi zisukume zenyewe?

#2 MzeeWaNyaya
Imetulia kwa sababu haifanyi kazi, mkuu 😂

Tuache utani. Ping ikijibu umejua kadi ya mtandao na kernel (kiini cha mfumo) viko hai, basi. Ni sawa na kumpigia mtu simu, ikaita, ukaandika kwenye ripoti kwamba ameshakula. Tuambie kwanza kazi zinazokufa zinadumu muda gani kabla ya kufa, na zinafia nodi zipi. Hilo Nagios haina habari nalo, liko kwenye logi za HTCondor.

#3 Foleni_Ndefu
Nasikia harufu ya shimo jeusi.

Kwa wasiolijua: nodi moja ina hitilafu, tuseme diski ya pamoja haikupachikwa (haikuunganishwa kwenye nodi) au /tmp, folda ya faili za muda, imejaa. Inapokea kazi, kazi inakufa baada ya sekunde mbili. Nodi iko wazi tena, inapewa nyingine, nayo inakufa. Wakati nodi nzima inahangaika na kazi moja kwa saa sita, hii mbovu imeshameza maelfu. Foleni yote inamiminikia kwenye mashine mbovu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoonekana huru kila dakika. Prosesa yake inabaki baridi, ndiyo maana dashibodi inaisifia.

Dawa ipo ndani ya HTCondor yenyewe. Weka skripti ya kukagua afya kwenye STARTD_CRON (sehemu ya kuendesha skripti kila baada ya muda), ichapishe sifa kama NodiNzima, halafu kwenye START, sharti la nodi kupokea kazi, udai NodiNzima iwe True. Nodi ikijiona mgonjwa inakataa kazi bila kusubiri mtu aamke.

#4 Jogoo_la_Data
Mimi nasema ni NFS, ile diski ya pamoja inayosomwa kupitia mtandao. Jioni watu wote wanahifadhi matokeo, seva ya diski inazidiwa, kazi zinakwama. Nimeliona sana.

#5 MzeeWaNyaya
@Jogoo hapo umechemka. Linux inahesabu kwenye mzigo hata michakato iliyolala ikisubiri diski, ile ya hali D. NFS ikikwama utaona mzigo umepanda hadi hamsini huku prosesa haina inachofanya. Mleta mada kasema mzigo uko chini.

#6 Jogoo_la_Data
Mzee umesema nusu. Hiyo ni kama imepachikwa kwa "hard", inayosubiri bila kikomo. Kama ni "soft", muda ukiisha programu inarudishiwa kosa la kusoma na inakufa zake. Mzigo haupandi popote. Kipimajoto, angalia fstab (faili la mipangilio ya kupachika diski) kabla hujanizomea.

#7 SaaMbiliKamili
Hakuna aliyegusa neno "jioni". Mnatumia vyeti vya muda, proksi za X.509? Kwa kawaida hudumu saa 12. Mtu akikitengeneza saa mbili asubuhi, saa mbili usiku kimekufa. Kazi iliyosubiri kwenye foleni mchana kutwa inapewa nodi usiku, inajaribu kuchukua faili, inakataliwa. Kwenye dashibodi hakuna kilichoharibika, kwa sababu kweli hakuna mashine iliyoharibika!

Na kama saa ya nodi imepotea, cheti kipya kabisa kinaweza kukataliwa kwa kuonekana "bado hakijaanza". Kwenye gridi ya kampasi tatu, tofauti ya saa kati ya nodi ni kipimo cha lazima. Weka grafu yake juu kabisa, kabla hata ya prosesa.

#8 Kipimajoto
Asanteni. @SaaMbiliKamili vyeti tunavitumia kuhamisha faili za data kati ya kampasi tu, ndani ya kampasi hapana. @MzeeWaNyaya nyingi zinakufa ndani ya sekunde chache, lakini siyo zote. Na niliacha jambo: kampasi ya pili umeme hukatika mara kwa mara wakati wa jioni.

#9 Tarishi
Hukulisema hilo mwanzo??

Umeme ukirudi, nodi zinaamka kwa dakika mbili. Seva ya diski yenye diski ishirini na kitu inajikagua kwanza, inachukua dakika kumi. Nodi zinajaribu kupachika, hazioni kitu, zinaendelea kuwaka hivyohivyo. ssh OK, ping OK, diski ya ndani OK. Ndiyo mashimo meusi yako hayo, na yanazaliwa mafungu kwa mafungu. Kwenye systemd, inayowasha huduma za Linux, andika kwamba huduma ya condor isianze mpaka mahali pa kupachika pawepo.

#10 MwanafunziWaChembe
Niliwahi kukaa kwenye kituo kimoja cha daraja la pili cha gridi ya LHC (mashine ya kugonganisha chembe ya maabara ya CERN, Ulaya), kwa hiyo niseme kidogo jinsi wenzetu walivyoteseka na hili.

Gridi ile, WLCG, ina vituo kama 170 katika nchi zaidi ya 40. Kila kituo kina wakuu wake, bajeti yake na wakati mwingine programu zake za foleni. Taarifa za hali ya vituo zilikuwa zikichapishwa kwenye saraka za LDAP, BDII, kwa muundo ulioitwa GLUE. Basi, skripti ya kuhesabu kazi zinazosubiri ikishindwa, haikunyamaza. Ilichapisha thamani ya akiba: kazi 444444 zinasubiri. Makusudi yake yalikuwa mazuri: dalali wa kazi aone foleni ndefu ya kutisha akimbilie kwingine. Lakini mtu anayejumlisha foleni za gridi nzima anashangaa kuona mamilioni ya kazi ambazo hazipo. Ukiona nne nyingi mfululizo, unajua kuna skripti imeanguka mahali.

Somo nililobaki nalo ni kwamba kipimo kilichokosekana kiwe kimekosekana. Usiweke sifuri wala namba kubwa. Weka pengo, na pengo lenyewe liwe na tahadhari yake.

La pili, walipima kwa kutuma kazi halisi. Kila kituo kinatumiwa kazi ndogo ya majaribio inayopita njia ileile ya mtumiaji: foleni, cheti, kusoma faili, kuandika faili, kurudisha matokeo. Kwa miaka mingi injini ya kuzituma ilikuwa hiyohiyo Nagios unayoilaumu. Tofauti ni unachoiambia ipime.

#11 Foleni_Ndefu
Naunga mkono #10, ila angalizo. Kazi za majaribio zikipewa kipaumbele kwenye foleni zinapita haraka huku za watumiaji zimerundikana. Zikipewa nodi moja maalumu ndiyo kabisa, unaipima nodi hiyo tu. Zitupwe kama mtu wa kawaida, na zigawanywe nodi kwa nodi.

#12 Wanjiru_Metriki
Wasee, hiyo Ganglia na Nagios mmezitoa makumbusho gani? 😅 Weka Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo. Ilianzia SoundCloud mwaka 2012, na uzuri wake ni kwamba inavuta. Kila sekunde 15 au 30 inagonga mlango wa kila nodi. Nodi isipojibu, kipimo cha "up" kinakuwa 0 papo hapo. Ukitegemea nodi zisukume, nodi iliyokufa na nodi ambayo haina la kusema zinafanana.

Skripti yoyote inaweza kuandika faili, node_exporter (programu yake ndogo inayokaa kwenye nodi) ikalisoma. Idadi ya kazi zilizofeli kwa kila nodi kwa dakika tano: mstari mmoja tu wa kanuni ya tahadhari.

#13 Abu_Swichi
Dada Wanjiru, kwenye klasta moja sawa. Kwenye gridi utaugonga mlango wa nani? Nodi za kampasi nyingine ziko nyuma ya NAT na fayawoli, hazifikiki kutoka nje, na msimamizi wa kule hafungui mlango hata umletee barua yenye mihuri mitatu. Ian Foster, mmoja wa waasisi wa gridi, aliandika mwaka 2002 kwamba sifa ya kwanza ya gridi ni kuunganisha rasilimali zisizo chini ya mamlaka moja. Watu huisoma kama nadharia. Mimi huisoma kila ninapoomba bandari moja ifunguliwe.

HTCondor yenyewe inasukuma: kila nodi hutuma tangazo lake kwa mkusanyaji kila dakika 5, na tangazo lisilohuishwa hufutwa baada ya dakika 15. Maana yake hata orodha ya condor_status inaweza kukuonyesha marehemu kwa robo saa.

#14 Wanjiru_Metriki
Hakuna haja ya kugonga mlango wa kila nodi, Abu. Weka Prometheus moja kila kampasi, ivute ndani kwa ndani. Halafu hiyo moja ndiyo itume muhtasari kwenye kituo kikuu. Bandari moja, upande wa kutoka.

#15 Abu_Swichi
Kwa hiyo mwisho wa siku unasukuma 😄

#16 Jogoo_la_Data
Na ndivyo Ganglia ilivyokuwa tangu zamani, msiidharau. gmond, programu yake ya kila nodi, zinasemezana ndani ya klasta kwa multikasti (ujumbe mmoja kwa wote), na gmetad ya kituo kikuu inavuta muhtasari kutoka kwa gmond yoyote moja. Watu wa CERN hawakuwa wajinga.

#17 MwanafunziWaChembe
Siyo CERN. Ganglia ilizaliwa Berkeley, California, kwenye mradi wa Millennium. Hata bandari yake ni 8649 kwa sababu ukiandika UNIX kwa vitufe vya simu ya zamani unapata 8-6-4-9.

#18 Tarishi
Nimetoa kitochi changu kuhakikisha. Ni kweli 😂😂

#19 Grafu_Laini
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyeigusa RRD. Ganglia inahifadhi vipimo kwenye RRDtool, na faili la RRD halikui, linafinya data za zamani kuwa wastani. Kwa mipangilio yake ya zamani, kipimo cha kila sekunde 15 kinabaki kwa muda wa kama saa moja tu. Grafu ya siku ni wastani wa dakika 6, ya wiki ni wastani wa dakika 42. Sasa kazi inayokufa ndani ya sekunde mbili utaiona wapi humo? Mleta mada anaangalia asubuhi tukio la usiku. Lilikuwepo, limesagwa.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mfumo mzima, hifadhi kilele pamoja na wastani. RRDtool ina MAX tangu zamani, watu hawaiwashi.

#20 MzeeWaNyaya
@Grafu_Laini hoja nzuri, lakini yeye kasema huangalia usiku huohuo. Na hata kwa sekunde 15 grafu ya prosesa haitakuonyesha kazi zilizofeli. Prosesa kupumzika siyo kosa.

#21 Musoke_KLA
Jamani, hata hiyo "up" ya Wanjiru inadanganya. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ya nchi nyingi za huku iliyumba. Klasta yetu ilikuwa inafuatiliwa na washirika walioko Ulaya. Kwao tulikuwa wekundu tupu. Huku ndani kila nodi ilikuwa inafanya kazi, umeme upo, diski zipo, watu wanakunywa chai. Wao wakadhani tumekufa, wakatupa kazi zilezile kwenye kituo kingine. Mtandao uliporudi tukawa na matokeo mawili ya kila kitu.

Na kuna la HTCondor ambalo wengi hawalijui: kazi ina muda wa kukodi nodi, kwa kawaida dakika 40. Nodi isiposikia kwa aliyetuma kazi mpaka muda huo uishe, inaiua. Mtandao ukikatika kwa saa nzima, kazi nzima kabisa zinauawa na mashine nzima kabisa. Kipimajoto, mtandao kati ya kampasi zenu ukoje jioni, wanafunzi wanapoanza kutazama video?

#22 Profesa_wa_Kijiweni
Hili lilishathibitishwa kihesabu. Fischer, Lynch na Paterson, 1985: kwenye mtandao usio na kikomo cha ucheleweshaji huwezi kumgundua aliyekufa. Mnapoteza muda wenu.

#23 MwanafunziWaChembe
Profesa, polepole. Waliyothibitisha ni kuhusu makubaliano: hakuna itifaki ya uhakika ya kuwafanya wote wakubaliane ikiwa hata mmoja anaweza kufa. Ugunduzi wa vifo ni habari ya Chandra na Toueg, 1996, walioonyesha kwamba kigunduzi kinachokosea kinaweza bado kutosha.

Kwa mtu wa vitendo, jambo la maana lilikuja 2004, Hayashibara na wenzake: badala ya kusema "hai" au "kafa", kigunduzi kinatoa kiwango cha mashaka kinachopanda kadiri mapigo yanavyochelewa, kikilinganishwa na kawaida ya njia hiyo. Hifadhidata ya Cassandra inaitumia njia hiyo. Njia ya kampasi ya pili ikiwa imezoea kuchelewa, hutaamshwa usiku kwa sababu ya sekunde tatu.

#24 Profesa_wa_Kijiweni
Sawa mkuu, nimepokea.

#25 Tarishi
Profesa kapokea bila kubisha, uzi huu uwekwe kwenye historia.

#26 Abu_Swichi
Kuamshwa usiku mmelitaja juujuu tu. Kwetu swichi moja ilizima, nikapata SMS ya kila nodi iliyo nyuma yake, na kila huduma iliyo kwenye kila nodi. Simu ilitetema mpaka ikaanguka kitandani. Niliyoitafuta, ile ya swichi, ilikuwa katikati ya lundo. Nagios ina kipengele cha wazazi: mwambie nodi hizi ziko nyuma ya swichi ile, swichi ikifa zinyamaze. Alertmanager, mtuma tahadhari wa Prometheus, ina namna yake ya kuzuia tahadhari ndogo kubwa ikiwepo. Asiyeliweka hilo, baada ya mwezi anazima simu.

#27 Kaskazini_Pwani
Mnajitesa nyote. SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, ilianza Mei 1999, ikasimamisha ugawaji wa kazi Machi 2020, ikiwa na kompyuta za watu baki dunia nzima, na haikuhangaika kujua kama mashine yako ni nzima. Kazi moja inapewa kompyuta mbili, majibu yakilingana yanapokelewa, yasipolingana anapewa wa tatu. Ukikaa kimya mpaka tarehe ya mwisho, kazi yako anapewa mwingine. Kilichokaguliwa ni jibu. Mashine shauri yako.

Enzi hizo kuna saibakafe moja Mombasa kompyuta zote zilikuwa na ile skrini ya mawimbi ya rangi. Wateja walidhani ni virusi.

#28 Wanjiru_Metriki
Hahaha, kumbe tulipitia saibakafe moja! Lakini mtu wa modeli za mvua hawezi kukubali kila kazi ifanyike mara mbili, nodi zenyewe ni sitini. Hiyo ni ya wenye mashine za bure.

#29 Grafu_Laini
Na kabla hajahamia kwa Wanjiru: usithubutu kuweka namba ya kazi kama lebo kwenye Prometheus. Kila kazi inakuwa mfululizo mpya wa data, na kwa maelfu ya kazi kwa siku kumbukumbu ya seva inakwisha. Namba za kazi mahali pake ni kwenye logi. Kwenye vipimo weka nodi, kampasi na msimbo wa kutoka (namba ambayo programu huacha ikimaliza; 0 ni salama).

#30 Kipimajoto
Wakuu nimefanya kama #2 alivyotaka. Nimeendesha condor_history na kuchagua LastRemoteHost (nodi; p2-n17 ni kampasi ya pili, nodi ya 17), ExitCode (msimbo wa kutoka) na RemoteWallClockTime (sekunde ilizodumu) za usiku wa jana. Kipande:

slot1_3@p2-n17   127   2.0
slot1_1@p2-n17   127   1.0
slot1_2@p2-n22   127   2.0
slot1_1@p1-n04   1   41.0
slot1_4@p3-n09   1   38.0

Nyingi ni kama mistari mitatu ya kwanza, zote kampasi ya pili. Lakini zipo na hizi za chini, kampasi zote.

#31 Foleni_Ndefu
127 ni ganda (shell, programu inayopokea amri) kusema "amri sijaiona". Kwenye p2-n17 folda ya programu haipo. Diski haijapachikwa. Shimo jeusi, nimemaliza.

#32 Tarishi
Na umeme ndio uliolizaa. Tugawane ushindi.

#33 SaaMbiliKamili
Mmemaliza mistari mitatu. Ile ya msimbo 1 baada ya sekunde arobaini, kampasi ya kwanza na ya tatu ambako umeme haukatiki? Hapo kazi imeanza, imejaribu kuvuta faili kutoka kampasi nyingine, imekataliwa. Cheti.

#34 Jogoo_la_Data
Au imesoma NFS ya "soft" ikachoka kusubiri. Sekunde arobaini ni kusubiri, cheti kilichokufa hukataliwa hapohapo. fstab bado sijaonyeshwa.

#35 Musoke_KLA
Au njia ya kati ya kampasi imejaa, uhamishaji umekata. Vyote vinaandika 1.

#36 Kipimajoto
fstab: kampasi ya kwanza ni soft, ya tatu ni hard. Ile kazi ya p1-n04 iliingia kwenye foleni saa tatu asubuhi, ikapewa nodi saa moja jioni.

#37 Jogoo_la_Data
Soft hiyoo! Na kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa moja jioni ni saa kumi, siyo kumi na mbili. SaaMbili, soda yangu iwe ya baridi.

#38 SaaMbiliKamili
Soda isubiri. Ya tatu ni hard na imekufa vilevile. Halafu saa tatu ndipo kazi ilipotupwa, cheti je? Huyo mtumiaji aliendesha voms-proxy-init, amri ya kutengeneza cheti, saa ngapi? Kama aliwahi ofisini saa moja, akatengeneza cheti, akaenda chai na kikao, ndipo akatupa kazi, hesabu upya. Kipimajoto, tuletee logi ya uhamishaji ya p3-n09, mistari ishirini ya mwisho.